Bolti Iliyoshika Kutu Haifunguliwi kwa Hasira

Pikipiki ya Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, na injini yake imejipatia sifa ya kustahimili kazi ngumu. Si ajabu, basi, askari aliyestaafu kununua moja iliyolala bandani miaka mingi, akakusudia kuifufua ili imsaidie kutunza jamaa yake. Lakini adui wa kwanza atakayemkabili si pistoni wala gia, bali ni bolti zilizoshika kutu.

Kasha la injini ni la alumini. Bolti ni za chuma. Maji yakipenya baina ya madini hayo mawili, alumini huliwa polepole na kugeuka unga mweupe unaojaza hesi na kushika kama gundi. Fundi mwenye pupa hutia spana ndefu, akavuta kwa nguvu zote. Kichwa hukatika na mwili ukabaki ndani. Kasha likiharibika, fedha za karo ya mtoto huishia dukani kwa vipuri.

Kazi huanza kwa usafi. Uchafu uondolewe kwa brashi ya waya, kisha yatiwe mafuta ya kulegeza kutu. Yakikosekana, hata dizeli husaidia, ijapokuwa kwa kukawia. Tendo hilo lirudiwe asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu, na kila mara kichwa cha bolti kigongwe kidogo kwa nyundo, kwani mtikiso huipasua kutu na kuyapa mafuta njia.

Spana ya pete ndiyo ifaayo, kwa sababu hukishika kichwa pande zote. Skrubu za nyota hutaka bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Bolti ikazwe kidogo kwanza, halafu ilegezwe. Ikianza kucheza, irudishwe mbele na nyuma, isivutwe moja kwa moja.

Ikikataa, moto utumike. Alumini hutanuka takriban mara mbili kuliko chuma. Kwa hiyo lipashwe moto kasha kuizunguka bolti, si bolti yenyewe. Kabla ya hapo, tangi na kabureta viondolewe, mafuta yote yapanguswe, na kazi ifanyiwe uwanjani, watoto wakiwa mbali.

Nati za kichwa cha silinda zilegezwe kidogo kidogo kwa kukingamana, ili kichwa kisipinde. Bolti za kasha hutofautiana urefu. Zichomekwe katika kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa. Hiyo ni kazi ambayo hata mtoto wa nyumbani aweza kuisaidia.

Wakati wa kufunga, hesi zisafishwe na kupakwa grisi kidogo. Bolti ya milimita 6 haihitaji nguvu zaidi ya nyutoni mita 10 hivi. Spana fupi yatosha. Atakayezingatia hayo leo hatapigana tena na bolti hizo injini itakapofunguliwa siku nyingine.