Chunusi, Viuavijasumu na Mafuta ya Samaki

Dagaa na migebuka wavuliwao katika Ziwa Tanganyika, huko Kirando, Kipili na Kasanga, hupandishwa hadi Sumbawanga, mji wa uwanda wa juu wa Ufipa, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa mlaji hicho ni kitoweo cha ugali. Mkemia huona ndani yake pia asidi za mafuta za aina ya omega-3, ambazo siku hizi huuzwa katika vidonge na kutajwa miongoni mwa tiba za chunusi. Je, zina nafasi gani kando ya viuavijasumu?

Chunusi huanza pale homoni za ujana zinapoziamsha tezi za mafuta zilizo kwenye mashina ya vinyweleo. Mafuta huzidi, seli zilizokufa huziba kitundu, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes hustawi humo. Bakteria huyo hutoa kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho huvunja trigliseridi za mafuta ya ngozi na kuacha asidi za mafuta zilizo huru. Hizo huweza kuiwasha ngozi. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa waliotumia tetrasaiklini asidi hizo zilipungua. Kumbe dawa ya kupambana na vijidudu ilikuwa ikibadili pia kemia ya mafuta!

Hata hivyo, asidi za mafuta si za namna moja. Asidi linoleiki, iliyo tele katika mafuta ya alizeti, haitengenezwi na mwili wenyewe. Mwaka 1986 Downing na wenzake wa Marekani walieleza kuwa upungufu wake katika mafuta ya ngozi huenda ukachangia kuziba kwa vitundu. Hiyo si hoja ya kuongeza kijiko cha alizeti mchuzini: kiliwacho hakiendi moja kwa moja usoni.

Kuhusu omega-3, mwili huzitumia kutengeneza kemikali zinazotuliza uvimbe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014 huko Korea Kusini, watu 45 wenye chunusi zisizo kali sana walifuatiliwa kwa wiki 10. Waliopewa omega-3, na wale waliopewa asidi ya gama-linoleniki, walipungukiwa na vipele. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini watu 45 ni wachache mno kwa kujengea kanuni.

Tatizo kubwa ni usugu. Kiuavijasumu kitumiwapo peke yake kwa muda mrefu, bakteria dhaifu hufa na wale sugu hubaki wakizaana. Ndiyo maana waganga hukiambatanisha na benzoili peroksidi ya kupaka, na hujitahidi kukikomesha baada ya miezi 3 hivi. Omega-3 hazijathibitishwa kuweza kushika nafasi ya peroksidi hiyo. Kwa hiyo anayenunua vidonge vichache vya tetrasaiklini dukani bila kupimwa, akidhani mafuta ya samaki yatamkinga na usugu, amejidanganya.

Kwa mkazi wa Ufipa liko jambo jingine. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi juani, na miali ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Upepo wa baridi wa Sumbawanga huficha ukali huo. Mwanafunzi anayepalilia shamba la shule huku akitumia dawa hiyo anahitaji kofia pana hata siku asiyohisi joto.