Kwa Nini Vyuo Vikuu vya Marekani Huhama Ligi za Michezo

Mwaka huu nimeona heri niandike juu ya jambo linaloonekana kuwa la mbali, kumbe liko mlangoni petu. Hapa Eldoret ni nadra kupata mtaa usio na kijana anayedamka alfajiri kukimbia, akitumaini kwamba miguu yake itampeleka kusoma Marekani. Majina ya vyuo vya huko tunayajua. Lakini hebu mwulize kijana huyo, "Chuo hicho kiko katika ligi gani, na kitakaa humo mpaka lini?" Atakukodolea macho tu.

Kwanza tuelewane ligi ni nini. Sisi shule za Uasin Gishu hushindana na majirani zetu, kisha washindi huenda kaunti, kanda na taifa. Hatuchagui majirani, mipaka ya serikali ndiyo hutuchagulia. Marekani si hivyo. Vyuo hujikusanya vyenyewe katika makundi, vikapanga ratiba na makombe yao, na, la muhimu zaidi, vikauza haki za kutangaza mechi kwa televisheni na kugawana pesa. Kundi kama hilo wao huliita konferensi. Mimi nitaliita ligi. Juu ya ligi kubwa kuna NCAA, chama kinachoandaa ubingwa wa taifa. Kwa kuwa ligi ni mapatano tu, chuo kikiona kwingine kuna mafuta zaidi, hufunga virago.

Mfano mzuri ni chuo cha Henry Rono. Mzee Rono alikuwa Mnandi, jirani yetu kabisa, na alisomea Washington State, chuo kilichoko mji mdogo wa Pullman. Mwaka wa 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Siku hizo ligi ya chuo chake ilikuwa ya vyuo vya magharibi, upande wa Bahari ya Pasifiki. Iliitwa Pac-8, mwaka huo huo wa 1978 ikawa Pac-10, na mwaka wa 2011 ikawa Pac-12. Rono alifariki Februari 2024. Miezi sita baadaye ligi yake nayo ikavunjika. Vyuo kumi kati ya kumi na viwili viliondoka, vikabaki viwili tu, Washington State na Oregon State.

Walienda wapi? Oregon, Washington, USC na UCLA waliingia Big Ten. Arizona, Arizona State, Utah na Colorado waliingia Big 12. Stanford na California wakaingia ACC, ambayo maana ya jina lake ni ligi ya Pwani ya Atlantiki, ilhali wao wanaishi Pwani ya Pasifiki! Na hiyo Big Ten, yaani Kumi Kubwa, sasa ina vyuo 18. Mwalimu wa hisabati asisome ukurasa huu.

Basi sababu ni nini? Ya kwanza ni pesa za televisheni, na wahenga walisema pesa ni sabuni ya roho. Zamani NCAA ndiyo iliyoamua ni mechi gani zionyeshwe. Mwaka wa 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mpango huo unavunja sheria ya ushindani. Tangu hapo ligi zikaanza kujiuzia zenyewe. Mwaka wa 2022 Big Ten ilitia saini mikataba ya takriban dola bilioni 7 kwa miaka saba na kampuni za Fox, CBS na NBC. Pac-12, ambayo mkataba wake ulikuwa unakwisha 2024, ilitafuta mnunuzi wa maana ikamkosa. Wewe ungekuwa mkuu wa chuo ungebaki?

Pesa hizo hazitokani na mbio. Hutoka kwa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mchezo huo ndio unaovuta gari, na mbio, uogeleaji na mingine mingi imekaa nyuma kama mizigo. Gari likigeuka, mizigo nayo hugeuka.

Sababu ya pili ni hofu. Chuo kimoja kikubwa kikiondoka, wenzake huanza kuulizana nani atafuata, na kila mmoja hutafuta mlango kabla haujafungwa. USC na UCLA walitangaza kuhama 2022. Mwaka uliofuata wengine wakatoka mbio. Jambo hili si geni. Mwaka wa 1996 ligi kongwe ya Southwest ilivunjika vivyo hivyo, na vyuo vinne vya Texas vikajiunga na Big Eight kuunda Big 12. Kimoja kati ya hivyo vinne ni Texas Tech, ambako baadaye dada yetu Sally Kipyego wa Marakwet alishinda mataji tisa ya NCAA akisomea uuguzi.

Sababu ya tatu ni jina. Ligi kubwa huonekana zaidi, na chuo kinachoonekana huvuta wachezaji bora, wafadhili na hata wanafunzi wa kawaida.

Sasa fahali wakipigana, nyasi ndizo huumia. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey, kwa wenzao wapya wa Big Ten, ni zaidi ya mara nne ya safari ya Eldoret hadi Mombasa. Mwanafunzi atasoma saa ngapi? Wale wawili walioachwa walikwenda kortini, wakashinda na kubaki na usimamizi wa ligi yao na mali yake, na vyuo vingine vikakubali kujiunga nao kuanzia 2026. Lakini pengo la pesa halikuzibika upesi. Juni 2025 Washington State ilitangaza kwamba timu yake ya riadha inaacha michezo ya kurusha na kuruka na kupunguza mbio fupi, ili nguvu iende kwa mbio ndefu. Yaani mbio za watu wa kwetu ziliponea chupuchupu. Warusha mkuki wakakosa timu.

Kwetu nyumbani habari hizi si za gazetini tu. Kaka yangu amemaliza kidato cha nne na makocha wa vyuo viwili wamemwandikia. Baba yuko tayari kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli. Mama aliuliza swali moja tu: "Na hicho chuo hakitahama?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Ndiyo maana nikaanza kusoma mambo haya.

Nilichojifunza ni hiki. Chuo kuhama ligi hakufuti ufadhili, kwa sababu anayelipa ni chuo, si ligi. Wala njia ya ubingwa wa NCAA haifungwi, kwani katika mbio wanariadha hufuzu kwa muda wao na kupitia mashindano ya kanda, si kwa ligi. Edward Cheserek wa Marakwet alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Angeweza kuyashinda akiwa katika ligi nyingine pia. Hatari iko kwingine. Tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na vile vilivyoingia katika mpango huo vimewekewa kikomo cha idadi ya wanamichezo katika kila timu. Pesa nyingi zikienda kwa mpira, timu ndogo hubanwa.

Kwa hivyo, ndugu zangu mnaokimbia, barua ya kocha ikija msiangalie rangi ya jezi tu. Ulizeni ufadhili ni wa miaka mingapi, na kama umeandikwa au ni wa mdomo. Ulizeni ukiumia itakuwaje. Ulizeni timu ya mbio ina nafasi ngapi, na safari za ligi ni za basi au ndege. Kisha ulizeni somo mnalotaka linafundishwa pale, maana ligi huvunjika lakini shahada haivunjiki. Kuuliza si ujinga.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Wakimbiaji wetu, kila la heri!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu