Kifaa Kibovu Katika Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Kompyuta inayopozwa kwa maji ina sehemu tano za msingi: bloku ya shaba inayobanwa juu ya kichakataji, pampu, tangi dogo, rejeta yenye feni, na mipira au mabomba ya kuziunganisha. Maji hupita kwenye bloku, huchukua joto, hulipeleka kwenye rejeta, na feni hulitoa nje. Uwezo wake ni mkubwa. Lita moja kwa dakika ikipokea wati 250 kutoka kwa kichakataji hupanda joto kwa nyuzi 3.6 hivi tu.

Mfumo ukiwa mzima hausumbui. Kinachosumbua ni kifaa kibovu. Kwenye kompyuta ya feni, ubao mama uliokufa hubadilishwa kwa kufungua skrubu kadhaa na nyaya zake. Kwenye kompyuta ya maji, ubao huohuo hautoki mpaka maji yamwagwe, mabomba yang'olewe, bloku ifunguliwe na pesti ya joto ifutwe, na mara nyingi kadi ya michoro nayo imefungwa kwenye mzunguko uleule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kutafuta ubovu hufanywa kabla tone la kwanza la maji halijaingia.

Upimaji mkavu huanzia mezani, nje ya kasha. Ubao mama huwekwa juu ya boksi lake la karatasi, kichakataji hufungwa feni ya bei nafuu, kisha huongezwa kijiti kimoja cha RAM na pawasaplai. Kabla ya hapo soketi ya kichakataji hukaguliwa kwa tochi. Soketi ya Intel ya LGA 1700 ina pini 1,700 nyembamba sana, na moja ikipinda inatosha kuifanya RAM isionekane au kompyuta isiwake kabisa. Picha ya soketi ikipigwa siku boksi linapofunguliwa huokoa ubishi na muuzaji baadaye, maana pini zilizopinda ni kisingizio cha kawaida cha kukataa waranti.

Mbao mama nyingi za sasa zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki ikiwaka huonyesha hatua ambako kompyuta imekwama. Hiyo ni dalili tu, maana taa ya DRAM inaweza kuwaka kwa sababu ya RAM mbovu, soketi mbovu, au kichakataji kilichobanwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Jibu la uhakika hupatikana kwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati: kijiti kingine, tundu lingine, pawasaplai nyingine inayojulikana kuwa nzima. Anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hujikuta na kompyuta inayowaka bila kujua kilichokuwa kibovu. Kompyuta ikishawaka, RAM huachwa ikipimwa kwa programu ya Memtest86+, ikiwezekana usiku kucha.

Kadi ya michoro hupimwa kwa saa kadhaa ikiwa na kipozaji chake cha kiwandani. Ndicho kifaa ghali kuliko vyote kwenye kompyuta nyingi za aina hii, na kukifunga bloku ya maji kunalazimu kung'oa kipozaji hicho chote. Kipozaji hicho, skrubu zake na vipande laini vya kupitisha joto huhifadhiwa, kwa kuwa kadi ikifa baada ya miezi sita itatakiwa kurudi kwa mtengenezaji kama ilivyotoka.

Sheria hapa hutofautiana. Nchini Marekani, sheria ya waranti ya mwaka 1975 haimruhusu mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu mnunuzi ametumia kifaa cha kampuni nyingine, na mwezi Aprili 2018 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ilizionya kampuni sita kuhusu masharti ya namna hiyo. Hata hivyo ufa uliosababishwa na mnunuzi mwenyewe haulipwi. Kwa anayeagiza kadi kutoka nje akiwa Nairobi au Dar es Salaam, tatizo kubwa ni nauli ya kuirudisha na siku chache za kurejesha bidhaa, ambazo huisha wakati vifaa vingine bado viko njiani. Kadi hiyo hupimwa mara inapofika, hata kwa kompyuta ya kuazima.

Vifaa vya maji vina ukaguzi wake. Rejeta mpya huwa na mabaki ya kulehemu ndani, kwa hiyo husukwasukwa kwa maji safi ya moto mpaka yatoke bila uchafu; yakiachwa huziba mifereji ya bloku, ambayo upana wake haufiki hata milimita moja. Metali nazo huangaliwa. Shaba na nikeli hukaa pamoja vizuri, lakini rejeta ya alumini kwenye mzunguko wenye bloku ya shaba huliwa polepole hata kama hakuna kifaa chenye kasoro. Plastiki ya akriliki hutazamwa kwenye mwanga kutafuta nyufa, na haisafishwi kwa spiriti, maana spiriti yenyewe huipasua.

Maji yanayofaa ni yaliyokenekwa, yakiongezwa dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Anayeyatafuta kwa jina la maji ya betri ahakikishe hajauziwa asidi ya betri, kwani maduka mengine huweka chupa hizo mbili rafu moja.

Baada ya kuunganisha, mzunguko hupimwa kwanza kwa hewa. Kipampu cha mkono chenye geji huingiza presha ya karibu ba 0.5, au ile iliyotajwa na mtengenezaji, kisha sindano hutazamwa kwa robo saa au zaidi. Ikishuka, mzunguko hugawanywa vipande na kila kipande hupimwa peke yake mpaka chenye kosa kijulikane. Rejeta inayoshukiwa hutumbukizwa kwenye beseni, na mapovu huonyesha tundu. Mara nyingi kosa liko kwenye oringi iliyokatika au iliyojikunja. Utepe mweupe wa mafundi bomba hauna kazi hapa: kinachozuia maji ni oringi inayobanwa chini ya kichwa cha kiungo, wala si hesi. Viungo hukazwa kwa mkono tu, kwani spana hupasua akriliki.

Kisha huja maji, huku umeme ukiifikia pampu peke yake. Plagi ya pini 24 ya pawasaplai huchomolewa kwenye ubao, na pini ya 16 huunganishwa na pini ya ardhi iliyo jirani yake kwenye safu ileile. Kwenye pawasaplai za zamani pini ya 16 ina waya wa kijani, na ya ardhi ina waya mweusi. Kuna kiplagi kidogo kinachofanya kazi hiyo bila kubahatisha. Karatasi laini hutandikwa chini ya kila kiungo, na pampu huachwa ikizunguka kwa saa 24. Pampu haiwashwi ikiwa kavu hata kwa dakika chache, kwa sababu beringi yake hulainishwa na maji yanayopita ndani. Baadhi ya pampu zinazorudishwa dukani kama mbovu ziliuawa siku ya kwanza kwa njia hiyo. Mlio wa kukoroma ni hewa iliyonaswa, na kasha likiinamishwa huku na huku hewa hiyo hupanda mpaka kwenye tangi. Kelele ikibaki baada ya siku mbili tatu, pampu yenyewe ina kasoro.

Ubovu unaojitokeza baada ya kompyuta kuwaka husomwa kwa kasi ya joto. Kichakataji kikiruka hadi nyuzi 90 au 100 ndani ya sekunde chache baada ya kupewa kazi, mara nyingi joto halifiki kwenye maji, au maji hayatembei: bloku haijabana sawasawa, karatasi yake ya kinga haikubanduliwa, au pampu imesimama. Joto likipanda taratibu kwa dakika ishirini bila kutulia, bloku na pampu ni nzima na rejeta ndiyo imeshindwa, labda kwa feni mbovu, vumbi au udogo wake. Maji yenyewe hayawezi kupoa chini ya joto la chumba. Mfumo uliopimwa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20 utasoma nyuzi 12 zaidi kwenye chumba cha nyuzi 32 mjini Mombasa, na hakuna kifaa kibovu hapo.

Mara nyingine kosa ni la kiwandani na mnunuzi hana la kukagua. Mwaka 2022 kampuni ya ARCTIC ilitangaza kwamba gasketi ya raba kwenye baadhi ya vipozaji vyake vya Liquid Freezer II ilibaki na salfa iliyokuwa ikila bamba la shaba, na ikatoa bure vifaa vya kuibadilisha. Ubovu wa aina hii hujitokeza miezi mingi baada ya kununua, hivyo risiti na namba ya bidhaa huhifadhiwa kwa muda wote wa waranti.

Maji yakivuja juu ya ubao unaofanya kazi, umeme hukatwa ukutani kabla ya lingine lolote, kisha betri ndogo ya ubao hutolewa. Maji yaliyokenekwa hupitisha umeme kidogo sana yakiwa mapya, ila baada ya wiki chache ndani ya mzunguko huwa yameokota chembe za metali. Ubao huoshwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, hukaushwa kwa siku mbili, kisha hupimwa tena mezani kwa feni. Ukiwaka, miguu ya chipu hutazamwa kwa lenzi: rangi ya kijani ni kutu ya shaba, na ubao huo hupelekwa kwa fundi wa bodi hata kama unafanya kazi.