Usukani mzito wa Land Rover: anza na upepo wa tairi

Mkulima wa Nambambo, wilayani Nachingwea, anayesomba korosho na ufuta kwa Land Rover ya zamani huijua kazi ya kukata kona. Matoleo ya awali ya gari hilo, lililoanza kuuzwa mwaka 1948, hayana pawa stelingi.

Hata hivyo, uzito uliozidi ni ugonjwa, si umri. Kabla ya kununua stelingi boksi nyingine, pima upepo wa tairi za mbele. Tairi laini, au pana kuliko za awali, hukaza usukani.

Kisha inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, uzungushe usukani. Ukiwa mwepesi, kagua tairi, mzigo na alaimenti. Ukibaki mzito, fundi afungue viungo kimoja kimoja hadi kilichokaza kijulikane: boljointi, kingpini, stelingi boksi, au rilei iliyojificha ndani ya chesisi, ambayo ikikauka oili hung'ang'ania.

Oili na vipuri vidogo ni gharama ndogo kuliko ajali au mzigo kulala njiani. Ukaguzi ufanyike kabla ya Oktoba, minada ya korosho inapoanza.