Karani wa mizani ndani ya kamera

Niliwahi kumpiga picha bibi yangu kwenye baraza la nyumba yake, Pangani, saa saba mchana. Nyuma yake uwanja ulikuwa unawaka jua. Yeye alikuwa kivulini, amejifunga kaniki. Nikapunguza mwanga ili uwanja usiungue, nikijipa moyo kwamba uso nitauokoa baadaye kwenye kompyuta. Nilipofungua faili ghafi na kukiinua kivuli, yaani kukiongezea mwanga, uso ulitokea kweli, lakini umejaa chenga kama televisheni iliyopoteza antena, na michirizi ya wima imeikatiza kaniki kutoka shingoni hadi magotini.

Miaka ilipita, nikanunua kamera nyingine. Baraza lilelile, saa ileile, bibi yuleyule. Safari hii kivuli kilipoinuliwa, mikunjo ya shavu ilionekana mmoja mmoja, na nyuzi za pindo la kaniki ungeweza kuzihesabu. Lenzi ilikuwa ileile na megapikseli zilikaribiana. Aliyebadilika ni karani.

Nieleze. Kihisi cha kamera hakijui namba. Kila pikseli ni kikombe kidogo cha silikoni: mwanga ukikipiga, elektroni hujikusanya, nazo huzaa volti. Volti hiyo haina ngazi wala tarakimu, wakati memori ya kamera haipokei kitu kisicho namba. Katikati yao kuna kigeuzi, na kazi yake ni ya karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho: gunia linafika, analipima, anaandika. Akikosea hapo, hakuna hodari wa kompyuta atakayezirudisha kilo zilizopotea.

Kazi hii ina historia ya kuungaunga. Desemba 1975, Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak huko Marekani, alikamilisha kamera ya kwanza ya kidijitali ya kushikwa mkononi. Kigeuzi chake alikiazima kutoka kwenye ubunifu wa kipima-volti cha kidijitali. Picha ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye mkanda wa kaseti.

Kamera zilizofuata ziliongeza pikseli, ila makarani walibaki wachache, tena wakikaa nje ya kihisi. Chukua kihisi cha pikseli milioni 24, chenye safu wima 6,000 na mistari 4,000. Ukipiga picha 10 kwa sekunde, kuna vipimo milioni 240 kila sekunde. Karani wa namna hiyo hana muda wa kungoja sindano ya mizani itulie. Isitoshe, volti husafiri njia ndefu kumfikia, na njiani huokota kelele za umeme. Mahali penye mwanga mwingi kelele hizo hazionekani. Kivulini, ambako volti yenyewe ni ndogo, ndizo chenga zilizomvaa bibi.

Mwaka 2007 Sony ilitoa vihisi vya Exmor, ambavyo kila safu wima ina kigeuzi chake, kimejengwa humo humo ndani ya kihisi. Rudi kwenye hesabu yetu: makarani 6,000, kila mmoja na vipimo 40,000 tu kwa sekunde. Gunia linapimwa pale pale shambani, na karani anafanya kazi bila papara. Picha nzima inatoka haraka kwa sababu kila mpimaji ameruhusiwa kwenda polepole.

Jinsi anavyopima inapendeza. Volti ya kulinganishia hupanda au kushuka taratibu, huku kihesabio kikihesabu: moja, mbili, tatu. Ikikutana na volti ya pikseli, hesabu inasimama, na namba iliyofikiwa ndiyo inayoandikwa. Kabla ya hapo karani amekwisha kufanya jambo ambalo kila muuza mafuta ya taa analijua: amepima debe tupu. Husoma pikseli ikiwa tupu, kisha ikiwa na elektroni za mwanga, halafu hutoa ya kwanza kwenye ya pili. Kasoro ya debe huondoka na debe.

Lakini umakini una gharama. Biti 12 humpa karani ngazi 4,096 za kuhesabu. Biti 14 hutoa 16,384, yaani hesabu mara nne. Nikon D300 ya mwaka 2007 ilionyesha gharama hiyo waziwazi: ilipiga picha 6 kwa sekunde kwa biti 12, ukiiweka kwenye biti 14 ikashuka hadi 2.5. Na biti nyingi zenyewe si dawa. Mizani inayotikisika kwa nusu kilo haisaidiwi na alama za gramu.

Wengine wakapita njia ya mizani mbili. Kamera ya sinema ya ARRI Alexa, iliyotoka 2010, husoma kila pikseli kwa njia mbili kwa wakati mmoja: moja kama mizani ya sonara kwa ajili ya kivuli, nyingine kama mizani ya magunia kwa ajili ya jua. Vipimo viwili vya biti 14 huunganishwa kuwa kimoja cha biti 16.

Limebaki tatizo la foleni. Makarani wa safu hupima mstari mmoja, kisha unaofuata, na kitu kinachokwenda mbio hupinda kabla foleni haijaisha. Dawa ikawa kujenga ghorofa ili foleni iende haraka: pikseli juu, mitambo ya kusoma na kuhesabu chini. Sony A9 ya 2017 ilijengwa hivyo, na mwaka 2021 Nikon Z9, iliyojengwa vivyo hivyo, ikasoma haraka kiasi cha kuachana kabisa na shata ya chuma. Mwaka 2018 Sony ilikuwa imeonyesha kihisi cha majaribio cha pikseli milioni 1.46, kila pikseli na kigeuzi chake. Hapo foleni haipo. Pikseli zote zinapimwa kwa pamoja.

Kwa hiyo ukienda dukani na muuzaji akaanza kukutajia megapikseli, msikilize kwa adabu, kisha omba kuishika kamera. Iweke kwenye shata ya kielektroniki, elekeza juu, piga pangaboi linalozunguka, uone kama mapanga yamepinda. Halafu piga chini ya kaunta, penye giza, na uombe ukiinue kivuli kwenye kompyuta yake. Karani akiwa mzembe, utamkuta huko.