Juhudi ya Dini

Mtu atokaye Magamba, karibu na mji wa Mpanda, akishika njia ya kwenda magharibi, husafiri zaidi ya kilomita 100 kabla hajafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko Karema aliishi mganga mmoja, yaani daktari, jina lake Adrien Atiman. Aliwatibu wagonjwa wa nchi ile tangu mwaka 1889 hata alipokufa mwaka 1956. Watu husema ya kuwa mtu wa namna hiyo ana juhudi ya dini. Lakini Saulo wa Tarso alipokuwa akiwafunga Wakristo gerezani, yeye naye alikuwa na juhudi ya dini. Je, yawezekanaje neno moja kumfaa mganga na mtesaji pia? Ili kulifahamu jambo hili, yapasa kuanza zamani sana, katika nchi ya Wayahudi.

Katika Kiebrania, lugha ya Wayahudi, neno moja lina maana ya wivu na maana ya juhudi. Mume asiyevumilia kuona mkewe akinyang'anywa, na mtu asiyevumilia kuona Mungu wake akidharauliwa, wote wawili hutajwa kwa neno hilo hilo. Mfano wao mkubwa alikuwa Finehasi, ambaye habari yake imo katika kitabu cha Hesabu. Waisraeli walipoanza kuabudu miungu ya kigeni, Finehasi alitwaa mkuki, akawachoma mwanamume mmoja na mwanamke mmoja ndani ya kambi yao. Tangu siku hizo wengi walidhani ya kuwa juhudi na silaha ni ndugu.

Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko wa Nne alikataza tohara na Sabato, akawaamuru Wayahudi kutoa sadaka kwa miungu ya Wayunani. Wajumbe wake walifika katika mji mdogo wa Modini. Kuhani mzee, jina lake Matatia, alikataa kutii. Myahudi mwingine alipojongea madhabahuni ili atoe sadaka, Matatia alimwua palepale, akamwua na mjumbe wa mfalme. Kisha akawaita wote wenye juhudi kwa ajili ya Torati wamfuate, wakakimbilia milimani. Siku hizo watu wapatao 1,000 waliuawa pangoni siku ya Sabato, kwa sababu hawakutaka kupigana katika siku ya Bwana. Matatia alipokufa, mwanawe Yuda Makabayo aliviendesha vita, na mwaka 164 kabla ya Kristo Hekalu la Yerusalemu lilitakaswa. Mpaka leo Wayahudi huikumbuka siku hiyo katika sikukuu ya Hanuka. Vita vile vilikuwa vya watu walioonewa, na kama wasingalisimama imara, pengine dini yao ingalikoma. Hata hivyo haifai kusahau ya kuwa mtu wa kwanza kufa mkononi mwa Matatia alikuwa Myahudi mwenzake, aliyeogopa amri ya mfalme.

Miaka zaidi ya 200 ikapita, na Wayahudi wakawa chini ya Warumi. Mwaka 66 baada ya Kristo waliasi, na katika vita hivyo palikuwa na watu walioitwa Wazelote, maana yake wenye juhudi. Mwandishi Yosefo, Myahudi wa wakati ule, aliandika habari zao. Yeye alikuwa jemadari katika Galilaya, kisha akajisalimisha kwa Warumi; kwa hiyo maneno yake juu ya Wazelote ni makali, na msomaji hana budi kuyapima. Yosefo asema ya kuwa hata kabla Warumi hawajauzingira Yerusalemu, majeshi ya Wayahudi yalipigana wao kwa wao ndani ya mji, na katika kupigana huko ghala za nafaka ziliteketezwa. Kila upande ulidhani unamtetea Mungu, na watoto wakafa kwa njaa. Mwaka 70 mji ulianguka, na Hekalu likachomwa moto.

Wayahudi wenyewe walijifunza kitu katika msiba ule. Katika vitabu vyao husimuliwa habari ya mwalimu Yohanan ben Zakkai. Wenye juhudi waliilinda milango ya mji ili mtu yeyote asitoke. Basi wanafunzi wake wakamlaza katika jeneza, wakamchukua nje kana kwamba ni maiti. Alipofika kwa jemadari wa Kirumi, hakuomba mali. Aliomba aachiwe mji mdogo wa Yavne na walimu wake. Huko Yavne dini ya Kiyahudi ilianza kujengwa upya pasipo Hekalu wala upanga. Juhudi iliyokuwa ya mkuki ikawa juhudi ya kusoma na kufundisha.

Juhudi ya Saulo nayo iligeuka, tena mapema kuliko hayo. Wakati Stefano alipopigwa mawe, Saulo alikuwa kijana, na mashahidi waliweka nguo zao miguuni pake. Baadaye alishika njia ya kwenda Dameski ili awafunge Wakristo. Alipoitwa na Kristo njiani, moyo wake wa bidii haukupoa. Ulielekezwa upande mwingine. Zamani aliwapiga wengine kwa ajili ya imani yake, na sasa akapigwa yeye. Mwenyewe aliwaandikia Wakorintho ya kuwa mara tano alipata mapigo 39, mara tatu alipigwa kwa fimbo, mara moja kwa mawe, na mara tatu merikebu yake ilivunjika baharini.

Wakristo wa kwanza waliona ya kuwa hata juhudi ya kufa kwa ajili ya imani yaweza kuchanganyika na majivuno. Katikati ya karne ya 2, Kanisa la Smirna, mji ulioko leo katika nchi ya Uturuki, liliandika barua juu ya kifo cha askofu wake, Polikarpo. Barua hiyo yamtaja mtu mmoja, jina lake Kwinto, aliyejitoa mwenyewe kwa watesaji, na kuwashawishi wengine wajitoe. Alipowaona wanyama wakali, aliogopa, akaikana imani. Polikarpo, mzee sana, hakukitafuta kifo. Alikubali kufichwa shambani. Askari walipomkuta, aliamuru wapewe chakula na kinywaji, akaomba nafasi ya kusali. Alipoambiwa amtukane Kristo, alikataa, akachomwa moto.

Sasa turudi Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome huko, na mwaka 1885 ngome hiyo ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Siku zile biashara ya watumwa iliziharibu nchi zote za kando ya ziwa. Ng'ambo, huko Mpala, Leopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, aliwakinga watu kwa bunduki tangu mwaka 1887. Atiman alikuja na silaha ya namna nyingine. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utotoni na kufanywa mtumwa, hata mapadre walipomkomboa. Alisomea uganga katika kisiwa cha Malta, kisha akatumwa Karema, awe mganga na katekista. Kwa miaka 67 aliifanya kazi hiyo katika nchi ambayo hakuzaliwa, kati ya watu ambao mwanzoni hakuijua lugha yao. Aliyeibiwa utoto wake hakutafuta kisasi, alitafuta wagonjwa.

Juhudi ni kama moto. Ukiwa mafigani huivisha chakula cha jamaa nzima. Ukirukia paa la nyasi, huteketeza kijiji. Anayetaka kuipima juhudi ya mtu, asisikilize tu sauti yake anapolitaja jina la Mungu. Na atazame ni nani anayeumia kwa ajili ya juhudi hiyo: jirani, au mwenye juhudi mwenyewe.

Maswali

1. Neno la Kiebrania lenye maana ya juhudi lina maana gani nyingine?
2. Kwa nini yapasa kuyapima maneno ya Yosefo juu ya Wazelote?
3. Eleza tofauti kati ya Kwinto na Polikarpo.
4. Matatia na Joubert walishika silaha ili kuwatetea walioonewa. Je, kazi yao na kazi ya Atiman zafanana wapi, na zatofautiana wapi?