Shahada ya MD, GPA na picha ya kifua: safari ya wahitimu wa Shinyanga na Geita kuelekea vyuo vya Uingereza

Katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, vumbi la mawe na zebaki ni mambo ya kila siku. Katika maduara na makarasha ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo, mchimbaji mdogo anayekohoa huishia zahanati, ambako aghalabu hakuna mtu aliyesomea kwa kina magonjwa yatokanayo na kazi. Ndiyo maana wapo madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara wa kanda hii wanaotafuta shahada ya uzamili katika afya ya jamii, afya ya kazini au magonjwa ya kitropiki, na baadhi yao huelekeza macho Uingereza.

Uhusiano huo si mgeni. Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool kilianzishwa mwaka 1898, na kile cha London mwaka 1899. Chuo cha London kimeshirikiana kwa miaka mingi na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) jijini Mwanza. Utafiti uliofanyika vijijini katika mkoa wa Mwanza, wakati Geita ingali wilaya yake, ulionyesha mwaka 1995 kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Hata hivyo, mhitimu mwenye sifa zote anaweza kupoteza mwaka mzima kwa sababu vyeti vyake vimesomwa vibaya, au kwa sababu picha ya kifua chake imehitaji maelezo zaidi.

Jina la Kimarekani, mizizi ya Kiingereza

Daktari aliyehitimu Bugando au Muhimbili hutunukiwa shahada ya MD. Makerere na Nairobi hutoa MBChB, jina linalofahamika vyema Uingereza. Nchini Uingereza kwenyewe MD ni shahada ya juu ya utafiti, ambayo daktari huisomea baada ya kuwa tayari daktari. Nchini Marekani ni shahada inayosomwa baada ya shahada nyingine ya kwanza. MD ya Tanzania haifanani na yoyote kati ya hizo: mwanafunzi huianza baada ya kidato cha sita, huisoma kwa miaka 5, kisha hufanya utarajali wa mwaka mmoja. Kwa hiyo mwombaji hana budi kueleza waziwazi katika maombi yake kwamba hiyo ni shahada ya kwanza ya udaktari, yenye hadhi sawa na MBBS ya Uingereza.

Utata wa pili uko katika alama. Vyuo vingi vya Uingereza humtaka mwombaji wa uzamili awe na Daraja la Pili la Juu. Kwa desturi, MD ya Tanzania haitolewi kwa madaraja. Daktari aombe mapema barua ya msajili wa chuo chake inayothibitisha jambo hilo na kueleza utaratibu wa alama. Muuguzi au mtaalamu wa maabara ana daraja, lakini GPA yake huhesabiwa kati ya 5.0, ambapo 3.5 hadi 4.3 ni Daraja la Pili la Juu. Msomaji aliyezoea kipimo cha Kimarekani cha 4.0 anaweza kuitafsiri visivyo. Hati ya matokeo isiyokuwa na ufafanuzi wa kipimo irudishwe chuoni ikaongezewe ufafanuzi huo kabla ya kutumwa.

Wapo pia vijana wa kanda hii waliopata ufadhili wa kusoma Marekani. Kwao, GPA ya takribani 3.0 hadi 3.3 kati ya 4.0, kutegemea chuo, ndiyo hulinganishwa na Daraja la Pili la Juu. Kwa anayeomba shahada ya kwanza, cheti cha sekondari cha Kimarekani peke yake mara nyingi hakitoshi. Vyuo hudai pia mitihani ya AP au SAT. Anayeomba udaktari kupitia UCAS akumbuke kwamba huruhusiwa kuchagua vyuo 4 tu vya fani hiyo, kwamba dirisha hufungwa katikati ya Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo, na kwamba vyuo vingi hutaka mtihani wa UCAT.

Kifua kabla ya viza

Kwa mkazi wa ukanda wa dhahabu, hatua hii ndiyo yenye uzito zaidi. Uingereza humtaka mwombaji wa viza anayeishi Tanzania, akikusudia kukaa huko zaidi ya miezi 6, awe na cheti cha kutokuwa na kifua kikuu cha mapafu. Cheti hicho hutolewa na kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza tu, ambayo kwa Tanzania ni ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), Dar es Salaam. Aliyeishi kwa miezi 6 au zaidi katika nchi isiyodaiwa kipimo hicho, kama Marekani, na hajaondoka huko kwa zaidi ya miezi 6, husamehewa.

Kipimo huanza kwa picha ya eksirei. Picha ikiwa safi, cheti hupatikana upesi na hudumu miezi 6. Ikionyesha doa lolote la kutia shaka, mwombaji hutoa makohozi mara 3, nayo huoteshwa maabara. Majibu yaweza kuchukua hadi wiki 8. Kijana aliyefanya kazi kwenye karasha wakati wa likizo, au aliyewahi kuugua kifua kikuu, anaweza kuwa na makovu. Vinundu vya silikosisi hukaa zaidi sehemu za juu za mapafu, mahali pale pale kifua kikuu hupendelea. Mtu kama huyo aende na kumbukumbu zake za matibabu pamoja na picha za zamani, aeleze historia ya kazi yake bila kuficha, na asingoje Agosti.

Ifahamike pia kwamba vumbi la silika huongeza hatari ya kifua kikuu hata miaka mingi baada ya mtu kuacha kuchimba. Akigunduliwa kuwa mgonjwa, hupatiwa dawa, ambazo nchini hutolewa bure, na baada ya kumaliza tiba anaweza kupimwa upya na kuendelea na maombi yake.

Gharama, familia na kalenda

Mbali na ada ya chuo, mwanafunzi hulipia huduma ya afya pauni 776 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Februari 2024. Tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa kawaida wa darasani kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Fedha za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo.

Chevening hudai uzoefu wa kazi wa miaka 2 na ahadi ya kurejea nchini kwa angalau miaka 2. Miongoni mwa fadhili za Commonwealth zipo za masomo ya masafa, zinazomwezesha mganga kubaki kituoni kwake Geita bila viza wala kipimo cha kifua.

Kwa anayetaka kuanza masomo Septemba, kalenda inayofaa ni hii: barua ya msajili na hati ya matokeo, Julai ya mwaka unaotangulia, maombi ya ufadhili, Agosti hadi Oktoba, mtihani wa Kiingereza na maombi ya chuo, kabla ya Januari, picha ya kifua, Aprili au Mei kwa mwenye historia ya mgodini au ya kifua kikuu, na Juni kwa wengine.